Ua Ndani ya Ua wa Miiba

Kila mwaka nifikapo kwenye mada ya mifumo ya maandishi, wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile. Huwa nimekwisha kuwaeleza jinsi Mfalme Sejong wa Korea alivyobuni alfabeti ya Hangeul mwaka 1443, akaitangaza rasmi mwaka 1446, na jinsi sisi wanaisimu tunavyoistaajabia hadi leo, kwa kuwa maumbo ya herufi zake kadhaa yanafuata namna ulimi, midomo na koo vinavyokaa wakati wa kutamka. Hapo mwanafunzi mmoja, aghalabu wa viti vya nyuma, huinua mkono. Ikiwa maandishi hayo yalikuwa mazuri kiasi hicho, mbona serikali ya Wakorea wenyewe haikuyafanya kuwa msingi wa sheria na amri zake hadi mwaka 1894?

Zamani nilikuwa nikijibu kwa tarehe na majina ya wafalme. Siku hizi hujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyependa maua. Mtu huyo ni Kim Jeong-hui, ambaye Wakorea humjua zaidi kwa lakabu yake ya Chusa. Alizaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1856, hivyo kwamba ujana wake na utu uzima wake uliangukia zama za Muyaka wetu wa Mombasa. Kwao hahitaji kutambulishwa. Mtoto wa shule ya msingi nchini Korea anamjua kama bingwa wa khati kuliko wote waliopata kushika brashi katika nchi hiyo.

Mimi nilikutana naye ukutani. Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamifu, nilitumia chumba kimoja cha kusomea na mwenzangu kutoka Korea, naye alikuwa ametundika kalenda yenye mchoro wa majani machache marefu, membamba kama nyasi, ua moja lisilo na rangi, na maandishi yaliyosongamana pembeni pamoja na mihuri mingi myekundu. Nikasema, kwa ujuvi wa kijana, kwamba mchoraji huyo alikuwa mvivu. Mwenzangu akacheka, akaniambia kuwa ile haikuwa picha, bali mwandiko. Ilinichukua miaka mingi kulielewa jibu hilo.

Kim alizaliwa Yesan, magharibi mwa Korea, katika ukoo mkubwa. Baba wa babu yake alikuwa amemwoa binti wa Mfalme Yeongjo, na babake mzazi alikuwa afisa wa serikali mwenye cheo. Mwaka 1809 babake aliteuliwa katika ujumbe wa kila mwaka uliokwenda Beijing, naye Kim akafuatana naye. Alikaa huko muda mfupi tu, lakini safari hiyo ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa. Alikutana na mzee Weng Fanggang, mwanazuoni aliyekuwa amepita umri wa miaka 75 na mwenye hazina kubwa ya vitabu na nakala za maandishi ya mawe, na Ruan Yuan, ambaye kwa heshima yake Kim alijiita Wandang, lakabu yake nyingine mashuhuri. Kijana huyu Mkorea na wazee hawa Wachina hawakuwa na lugha moja ya kusema. Hata hivyo walizungumza kwa kuandikiana. Waliketi pamoja na karatasi na wino, mmoja akaandika swali, mwingine akaandika jibu, maana wote walikuwa wamelelewa katika Kichina cha kale cha vitabuni.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu bila jambo hili hadithi yote haieleweki. Katika Korea ya wakati huo mwungwana msomi alisema Kikorea nyumbani kwake, akamwamrisha mtumishi wake kwa Kikorea, akaota kwa Kikorea, lakini alipotaka kutunga shairi, kuandika historia au kufanya mtihani wa serikali, alitumia Kichina cha kale, kama vile padri wa Ulaya alivyotumia Kilatini. Hangeul iliitwa eonmun, yaani maandishi ya lugha ya watu wa kawaida. Ilikuwa ya wanawake, ya watoto, ya watu wa chini, na ya mambo ya nyumbani. Hakuna aliyeipiga marufuku jikoni; hakuna aliyeikaribisha sebuleni.

Na ushairi wenyewe haukutengana na uandishi wa khati, wala khati haikutengana na uchoraji. Brashi ilikuwa ile ile, wino ule ule, mkono ule ule. Ndiyo maana wasomi hao walichagua mimea michache ambayo mistari yake inafanana na mistari ya herufi. Kulikuwa na ua la mplamu linalochanua theluji ingali chini, okidi inayonukia bondeni hata pasipo na mtu wa kuinusa, krisanthemamu isiyoogopa baridi ya mwisho wa mwaka, na mwanzi unaopinda usivunjike. Mimea hiyo minne waliiita waungwana wanne. Kuchora ua la okidi kulikuwa ni kusema jambo kuhusu tabia ya mtu, na msomaji wa mchoro alitarajiwa kulisoma jambo hilo, si kulitazama tu.

Kim alilichukulia suala la okidi kwa ukali unaonikumbusha walimu wetu wa zamani wa sarufi. Alimwandikia mwanawe Sang-u kumfundisha kwamba okidi haichorwi kwa kanuni za uchoraji, bali kwa kanuni za hati za kale. Jani moja tu, linapovutwa kutoka shinani hadi nchani, linapaswa kugeuka mara tatu chini ya brashi, likinenepa na kukonda. Alisisitiza kwamba mtu asiyesoma vitabu vingi, hata mkono wake uwe mwepesi vipi, ua lake halitanukia. Mtu anaweza kuona majivuno ndani ya maneno hayo, nami nayaona. Lakini pia yalikuwa ni maneno ya mfanyakazi. Uzeeni alimwandikia rafiki yake kwamba alikuwa ametoboa mawe 10 ya kusagia wino na kuchakaza brashi 1,000. Walimu wanaolalamika juu ya miandiko ya wanafunzi wangeweza kuanzia hapo.

Mwandiko wenyewe, kwa jicho lisilozoea, unaonekana kama umekosewa. Mstari mmoja ni mnene kama gogo, wa pili yake ni mwembamba kama uzi. Herufi moja imeinama, nyingine imejibana kona moja ya nafasi yake. Sababu ni kwamba Kim hakuridhika na mitindo laini iliyopendwa wakati wake. Alirudi nyuma hadi kwenye maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya kale ya Uchina, zaidi ya miaka 1,500 kabla yake, ambako herufi bado zilikuwa na ugumu wa patasi. Mawe alikuwa akiyajua vizuri. Mwaka 1816 alipanda mlima Bukhansan karibu na Seoul, akalichunguza jiwe ambalo watu waliamini kuwa lilihusu mtawa fulani, na kwa kusoma herufi zilizochakaa akathibitisha kuwa ni jiwe la Mfalme Jinheung wa Silla, aliyetawala katika karne ya 6. Alirudi huko mwaka 1817 kuhakikisha. Mwaka 1819 alifaulu mtihani mkuu wa serikali, akaanza kupanda vyeo.

Sasa nije kwenye ua lenyewe. Wakorea huliita suseonhwa, jina lililotoka katika Kichina, nalo likifasiriwa neno kwa neno hutaja kiumbe wa maji asiyekufa. Ni ua jeupe lenye kikombe kidogo cha manjano katikati, nalo huota kutoka kwenye kiini kama kitunguu. Wasomaji waliokaririshwa shuleni shairi maarufu la Wordsworth kuhusu maua ya manjano kando ya ziwa, maua ambayo wengi wetu hatukuwa tumeyaona kwa macho, wajue kwamba hili ni ndugu yake. Huko Seoul ua hili lilikuwa tunu. Viini vyake vililetwa kutoka Uchina pamoja na misafara ya wajumbe, na mwenye ua moja chumbani mwake wakati wa baridi alialika marafiki waje kulitazama. Mwaka 1828, babake alipokuwa gavana kule Pyongyang, Kim alipata suseonhwa, akaipanda katika chungu cha kale cha enzi ya Goryeo, akampelekea mwanazuoni mzee Jeong Yak-yong. Mzee huyo alikuwa amekaa uhamishoni miaka 18 kabla ya kurejeshwa kwake. Alilitungia ua hilo shairi. Kim hakujua kwamba zamu yake ilikuwa njiani.

Mwaka 1840 aliteuliwa kuwa naibu wa mkuu wa ujumbe wa kwenda Beijing. Baada ya miaka 30 angeuona tena mji uliomfundisha. Hakwenda. Koo zilizoshindana katika baraza la mfalme zilifufua kesi ya miaka 10 nyuma kuhusu waraka wa mashtaka uliowakashifu maafisa, zikadai kwamba Kim alikuwa na mkono katika kuuandika. Alikamatwa, akapigwa na kuhojiwa, na angeuawa lau rafiki yake Jo In-yeong, aliyekuwa waziri, hangemwombea. Adhabu ikapunguzwa kuwa uhamisho katika kisiwa cha Jeju, kusini kabisa, katika kijiji cha Daejeong. Tena haukuwa uhamisho wa kawaida. Nyumba aliyopewa ilizungushiwa ua wa miti yenye miiba mirefu ya jamii ya michungwa, na yeye akaamriwa kuishi ndani yake.

Mwanaisimu hawezi kuiacha nafasi hii ipite. Katika Kiswahili chetu, ua la mmea na ua wa boma ni neno moja kwa sikio, na kinachoyatenga ni upatanisho wa ngeli tu: ua hili, ua huu, maua, nyua. Kim aliishi miaka karibu tisa baina ya ngeli hizo mbili.

Maana kule Jeju, mwisho wa majira ya baridi, alilikuta ua lake. Hakulikuta chunguni, bali mashambani, kando ya njia, juu ya kuta za mawe, limetanda hata mbali likaonekana kama theluji. Na wakulima wa Jeju walilichukia. Liliota katikati ya shayiri yao, walipoling'oa lilirudi, walilifyeka, wakawalisha ng'ombe na farasi. Kim alimwandikia habari hizi rafiki yake Kwon Don-in kwa mshangao ambao haukuwa mbali na machozi. Alitunga mashairi kadhaa juu yake. Katika shairi moja alilipa daraja ya juu kuliko hata ua la mplamu, jambo ambalo kwa msomi wa Kikorea lilikuwa ni kama uasi. Hana haja ya kutuambia kwamba alijiona mwenyewe ndani ya ua hilo. Kitu kilichokuwa tunu katika mji mkuu, hapa kilikuwa magugu.

Sisemi kwamba wakulima walikosea. Mwenye njaa hutazama shayiri. Lakini nisomapo habari hizi huwa nayatazama maandishi mengine ya Kim yaliyotoka katika nyumba ile ile, ambayo kwa muda mrefu hayakuhesabiwa miongoni mwa kazi zake.

Hayo ni barua zake kwa mkewe. Alikuwa mke wake wa pili, wa ukoo wa Yi wa Yean, kwani wa kwanza alifariki mapema. Zimesalia kama 40, nazo zimeandikwa kwa Hangeul. Ndani yake hakuna maua wala waungwana wanne. Bwana mkubwa huyu wa khati anaomba nguo za baridi. Analalamika kwamba vyakula vilivyotumwa kwa mashua vimefika vimeoza, kisha anataja vingine vya kutumwa. Anauliza juu ya afya ya mkewe, na anauliza tena. Mstari wa brashi unateremka bila kusimama, herufi zimeungana kama pumzi ya mtu anayezungumza. Nimeona picha za baadhi ya barua hizo. Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeziweka kwenye jumba la makumbusho. Zilikuwa maandishi ya jikoni, na ziliota tu, kama suseonhwa katika shayiri.

Mnamo mwezi wa 11 wa mwaka 1842, kwa kalenda ya huko, alimwandikia akimwuliza kwa wasiwasi hali ya ugonjwa wake. Mkewe alikuwa amefariki siku moja kabla. Habari zilichukua kama mwezi mmoja kuvuka bahari, na katika muda huo aliendelea kumwandikia marehemu. Habari zilipomfikia, msiba ulimrudisha katika lugha ya wasomi. Alitunga tanzia na shairi la maombolezo, la kuheshimiwa sana na lenye uchungu wa kweli, kwa Kichina cha kale. Yaani mambo ya nguo na vyakula alimwambia kwa lugha waliyozoeana. Neno kubwa kuliko yote aliliandika kwa lugha ambayo katika barua zake zilizosalia hakuwahi kuzungumza naye. Hakuona ajabu, na hakuna mtu wa tabaka lake ambaye angeona ajabu. Macho yaliyolihurumia ua lililodharauliwa na wakulima hayakuona ua lililodharauliwa na wasomi. Wanafunzi wangu wakishafika hapa huwa hawahitaji tena jibu la tarehe.

Nisimfanyie dhuluma. Hakuna ushahidi kwamba alizidi wenzake katika dharau hiyo, na mtu hahukumiwi kwa kutokuwa mbele ya wakati wake kwa miaka 50. Isitoshe, uhamisho ulimlainisha. Vijana wa kisiwa walimjia kujifunza, naye akawafundisha. Mwanafunzi wake mchoraji Heo Ryeon alivuka bahari mara tatu kumfuata. Mtawa Choui, aliyezaliwa naye mwaka mmoja, alimtumia majani ya chai, na yalipochelewa Kim alimwandikia barua za kumdai kwa ukali wa mzaha. Na mkalimani Yi Sang-jeok, mtu wa tabaka la kati aliyekwenda Beijing mara nyingi kwa kazi yake, alimtumia vitabu vipya kutoka huko mwaka baada ya mwaka, wakati wakubwa waliomjua Kim walikuwa wakijifanya hawamjui. Mwaka 1844 Kim alimchorea shukrani yake. Ni nyumba moja tupu na miti minne isiyopukutisha majani, kwa wino mkavu. Mchoro huo, Sehando, ndio maarufu kuliko yote aliyoyaacha, na tangu mwaka 2020 ni mali ya Jumba la Taifa la Makumbusho la Korea. Nina furaha ya kitaaluma kwamba heshima hiyo ilimwendea mkalimani.

Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1848. Husimuliwa kwamba alipokuwa akienda uhamishoni alipita kwenye hekalu la Daeheungsa, akaona ubao wenye mwandiko wa Yi Gwang-sa, bingwa wa karne iliyotangulia, akauita upuuzi na kuagiza uteremshwe. Na aliporudi akaomba urudishwe mahali pake. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi. Ubao wa Yi Gwang-sa bado upo pale. Mwaka 1851 alihamishwa tena, safari hii Bukcheong, kaskazini, kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akatulia Gwacheon, karibu na Seoul, katika nyumba ya babake.

Katika miaka hiyo ya mwisho alichora ile okidi ya kwenye kalenda. Mwenyewe aliandika pembeni kwamba alikuwa amekaa miaka 20 bila kuchora okidi, na ghafla hii ikamtoka bila kukusudia. Alimchorea Dal-jun, kijana aliyekuwa akimhudumia na kumsagia wino. Kabla Dal-jun hajaichukua, mchonga mihuri mmoja, mwanafunzi wa Kim, aliiona, akaipora; na Kim akaongeza maandishi mengine kuueleza uporaji huo, kwa kicheko. Ndiyo sababu ya maneno kusongamana pembeni. Majani ya okidi hiyo yamevunjika yakielekea upande mmoja kama yanayopigwa na upepo, na ua limegeuka kuukabili. Hakuna kanuni yoyote iliyofuatwa sawasawa, hata zile alizomwekea mwanawe.

Nikirudi kwenye chumba kile cha kusomea leo, ningemwambia mwenzangu kwamba alikuwa na haki. Ni mwandiko. Lakini ningemwambia pia kwamba katika barua zile za kuomba nguo na vyakula mkono ni huo huo, na jani linageuka vile vile.

Mwaka 1856 watawa wa hekalu la Bongeunsa, ambalo leo limezungukwa na majumba marefu ya Seoul, walijenga ghala la kuhifadhi mbao zilizochongwa maandishi ya kitabu chao kitakatifu, ambacho jina lake linataja mapambo ya maua. Walimwomba Kim awaandikie jina la ghala. Alikuwa mgonjwa, naye alisema hivyo katika saini yake, akataja na umri wake, miaka 71 kwa hesabu ya kwao. Inaaminika kwamba zilimbakia siku tatu. Aliandika herufi mbili kubwa, nene, zisizo na madaha yoyote, kama za mtoto aliyeshikishwa brashi kwa mara ya kwanza. Ubao huo ungali juu ya mlango, na waendao kusali hupita chini yake.